Wanangu walivyoanza kula mboga kwa bakuli la urojo

Mwanangu mdogo, wa miaka mitano, akiliona jani kwenye wali alikuwa analitoa kwa vidole na kulibandika ukingoni mwa sahani. Kaka yake akaiga. Jirani akaniambia: "Mlaze na njaa usiku mmoja, asubuhi atakula hata mronge." Nikamlaza. Kulia alilia yeye, kukesha nikakesha mimi, na asubuhi akataka chai na mkate. Ushauri ule sitaki kuusikia tena.

Wifi yangu naye akasema, mfichie. Nikachemsha mbatata nikaponda. Mchicha nikaukatakata mpaka ukawa mdogo kama kotmiri, nikaukamua maji kwenye kitambaa, nikauchanganya na nyama ya kusaga, thomu na pilipili manga. Nikafinyanga katlesi, nikazichovya kwenye mayai, nikakaanga. Zilitoka nzuri za kupeleka arusini! Siku ya kwanza walikula tatu tatu. Mara ya tatu mdogo akaivunja yake, akaisogeza kwenye taa.

"Mama, kotmiri mbona nyingi?"

Nikamwambia ndiyo, nimezidisha. Akanusa, akairudisha sahanini. Tangu hapo katlesi hagusi, hata za mbatata tupu, hata za kwa bibi yake. Chakula kimoja nilichokuwa na uhakika nacho nikakipoteza, na kilichoniuma zaidi ni kuwa nilimdanganya na akajua.

Basi nikaamua sifichi tena. Wakitoka chuoni, kwenye Kurani, jioni huwa wananililia urojo, nikasema nitaupika nyumbani. Ule mchuzi wake naufanya kwa unga wa ngano, manjano, embe mbichi na ndimu. Unga nikaupunguza, nikatia boga la kuchemsha. Rangi haibadiliki, maana manjano yamo, na uzito unakuja wenyewe. Boga aliliponda mdogo kwa mkono wake, akijua ni boga. Mchicha nikautia kwenye bajia za kunde. Kunde ukizisaga usizizidishie maji, bajia zitanyonya mafuta yote. Karoti na kabeji nikazikuna mbichi, kila moja kwenye bakuli lake.

Kisha nikampa mkubwa upawa awe muuzaji pale barazani.

"Tia bajia mbili, karoti kidogo, kabeji usitie," mdogo akaagiza. Mimi kimya. Siku nyingine akaagiza karoti nyingi, nyingine akaonja kabeji kisha akaitema, na mwezi haujesha akawa anasema "tia zote". Alipoachiwa achague ndipo alipokula. Gharama haikuzidi elfu sita hivi, mafuta yalikuwemo ndani.

Siku hizi hata mchicha wa nazi anakula. Tui ni bora kuliko kuuchemsha mtupu, kwa sababu vitamini A iliyomo kwenye majani mwili unaipokea vizuri ikiwa na mafuta. Kisamvu msikifanyie haraka kwa ajili ya watoto: kitwangwe na kichemke sana, maana kibichi kina sumu, ndipo kitiwe tui.

Bamia nazikaanga kavu na ndimu ili zisivute. Mkubwa anazimaliza. Mdogo bado. Namwekea mbili kila nikipika, simlazimishi, nazirudisha jikoni zikiwa mbili vile vile. Juzi moja ilirudi na alama ya meno.