Nilivyoipata tena akaunti yangu ya Gmail baada ya laini na barua pepe ya akiba kufa

Akaunti yangu ya Gmail niliifungua mwaka 2009 katika mkahawa wa intaneti mjini Mwanza, na kwa zaidi ya miaka kumi niliitumia kwa kila jambo. Humo ndimo zilimo picha za marehemu baba za miaka yake ya mwisho, na humo ndimo nilimohifadhi nakala ya hati ya mauziano ya kiwanja cha Nyegezi, ambayo karatasi yake halisi ililiwa na mchwa. Septemba 2022 niliibiwa simu stendi, nikabaki nje ya akaunti yangu mwenyewe. Nywila nilikuwa nimeibadilisha mwaka mmoja kabla na sikuikumbuka. Namba ya simu niliyoiandikisha kwa ajili ya dharura ilikuwa ya laini ambayo sikuisajili kwa alama za vidole, hivyo ilizimwa Januari 2020 pamoja na nyingine za aina hiyo. Barua pepe ya akiba nayo, iliyokuwa ya kampuni tofauti, ilikwisha kufutwa kwa kukaa muda mrefu bila kutumiwa.

Jambo hili nililiahirisha hadi Mei 2024, pale kamati ya urasimishaji wa makazi ilipoitaka ile hati ya kiwanja. Nilikuwa pia nafahamu kwamba Google ilitangaza Mei 2023 kuwa akaunti binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na vyote vilivyomo, na kwamba kazi hiyo ilianza Desemba ya mwaka huohuo. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimebakiwa na miezi minne.

Ushauri nilioupata siku hizo za mwanzo karibu wote ulikuwa mbaya, na hadi leo unaniudhi. Mmoja aliniambia nijaribu nywila zote ninazozidhania, moja baada ya nyingine, usiku na mchana. Matokeo yake ni kwamba ukurasa uliniarifu kuwa nimejaribu mara nyingi mno na nisubiri. Mwingine, mwenye duka la kompyuta hapa Dodoma ninakoishi sasa, alitaka elfu themanini pamoja na namba yangu ya kitambulisho cha taifa, akidai kuwa ana mtu wake ndani ya Google. Google haina wakala wa kurudisha akaunti, na ukurasa wake wa kurejesha akaunti ni wa bure kwa kila mtu. Anayekuomba fedha kwa kazi hiyo anataka fedha zako, na anayekuomba namba za uthibitisho anaitaka akaunti yenyewe.

Ushauri wa tatu niliufuata, na nausimulia kwa sababu ulinifunza jambo. Niliambiwa niipigie namba yangu ya zamani, kwani namba zilizozimwa mitandao huzigawa upya kwa wateja wengine. Nilipiga jioni moja, akapokea mama mtu mzima, sauti ya upole, nyuma yake nikisikia mbuzi wakilia. Nilimwamkia, nikamweleza kwa urefu kwamba namba hiyo ilikuwa yangu, na kwamba nikibonyeza sehemu fulani atapokea ujumbe wenye tarakimu, basi naomba anisomee. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akasema: "Mwanangu, huenda unasema kweli, lakini hizo namba tumekatazwa kumsomea mtu yeyote. Hata wanangu wa kuwazaa siwasomei." Nilimshukuru nikakata simu. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu maneno yake ndiyo hasa niliyokuwa nikimwambia mama yangu mzazi kila niendapo kumsalimu. Njia ya namba ya simu nikaiacha kabisa.

Ndipo nilipotulia na kusoma maelezo ya Google yenyewe, jambo ambalo lilipasa kuwa la kwanza. Humo wanasema kwamba mtu ajaribu akiwa kwenye kifaa alichozoea kukitumia kuingia, kwa kivinjari kilekile, na katika mahali alipozoea, kama nyumbani au kazini. Na kwamba akiulizwa nywila ya mwisho anayoikumbuka, aandike hata ile ya zamani, kwani nayo husaidia kuthibitisha. Nilipofika hapo nikaikumbuka kompyuta mpakato yangu ya zamani, ambayo nilimwachia mdogo wangu Mwanza nilipohama mwaka 2019. Nilimpigia simu shemeji, akaniambia ipo juu ya kabati, haijawaka miaka miwili, chaja imepotea. Wiki hiyohiyo nikapanda basi.

Chaja niliipata Makoroboi kwa elfu ishirini na kidogo. Fundi aliyeniuzia aliiwasha mashine, akaona inavyojikokota, akasema apige Windows upya kwa elfu kumi na tano ili iwe nyepesi. Alikuwa amekwisha kushika flashi mkononi. Niliuweka mkono wangu juu ya kibodi nikamwomba asiguse kitu, kwa kuwa kila nilichokifuata kutoka Dodoma kilikuwa ndani ya mashine ileile aliyotaka kuifuta: kuki za kivinjari (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta), historia, na nywila zilizohifadhiwa. Naandika haya kwa msisitizo, maana naamini wapo wengi waliofuta ushahidi wao pekee kwa kutafuta wepesi wa kompyuta.

Nyumbani Nyegezi, katika chumba kilekile nilichokuwa nikilala, niliunganisha intaneti ya simu ya mdogo wangu nikafungua Firefox, kivinjari changu cha zamani. Kila ukurasa ulikataa, ukionya kwamba muunganisho si salama. Nilihangaika karibu saa nzima nikidhani intaneti ndiyo mbovu, hadi nilipotupa macho kwenye kona ya chini ya skrini: tarehe ilisoma 1 Januari 2009. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa ilikuwa imekufa, na kompyuta inayoamini kuwa ipo mwaka 2009 huviona vyeti vya usalama vya tovuti za leo kuwa muda wake haujaanza. Niliirekebisha saa, kurasa zikafunguka. Kisha nikasasisha Firefox juu ya ileile ya zamani, bila kuiondoa, ili kumbukumbu zake zibaki.

Kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya nywila zilizohifadhiwa, niliikuta anwani yangu, na mbele yake vidoti vyeusi. Nilibofya alama ya jicho, na vidoti vikageuka kuwa jina la kijiji cha baba na mwaka aliostaafu. Shemeji alikuja mbio kutoka jikoni akidhani nimepata msiba.

Ilikuwa nywila ya kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021, kwa hiyo isingeniingiza moja kwa moja. Nilikwenda kwenye ukurasa wa kurejesha akaunti, nikaiandika hiyo kama ya mwisho ninayoikumbuka, na kila nilipopelekwa kwenye namba ya simu ya zamani nikachagua kujaribu njia nyingine. Mwishoni niliombwa anwani ya barua pepe ninayoweza kupatikana kwayo; nikaandika ya kazini, nikathibitisha tarakimu zilizotumwa humo, nikaambiwa nisubiri. Safari hii sikurudia kujaribu. Niliiacha kompyuta mahali pake, nikabaki Mwanza siku tatu nisizokuwa nimezipangia, nikikagua barua za kazini, hata zilizotupwa kwenye folda ya barua taka.

Siku ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, kiungo cha kuweka nywila mpya kilikuwa kimefika. Nilikifungua kwenye kompyuta ileile. Barua zilianza kushuka, maelfu kwa maelfu, na nilipoandika neno "kiwanja" kwenye kisanduku cha kutafutia, hati ikaja na sahihi ya baba ikiwa wazi kabisa. Niliitazama muda mrefu kabla ya kuichapisha.

Kabla sijaizima mashine niliweka namba yangu ya sasa na anwani mpya ya akiba, nikawasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pekee isitoshe kuingia, nikachapisha zile namba kumi za dharura ambazo kila moja hutumika mara moja tu; nakala moja anayo mke wangu, nyingine ipo pamoja na vyeti vya watoto. Namba ya zamani niliiondoa. Kisha nikamwandikia ujumbe yule mama, kumwarifu kwamba akaunti yangu imerudi bila yeye kumsomea mtu tarakimu yoyote, kwamba namba yake haimo tena humo, na kwamba maneno aliyoniambia ndiyo ninayomwambia mama yangu mzazi. Alijibu jioni: "Alhamdulillahi mwanangu. Na huyo mama yako mwambie naye asisome."