Kabla ya Masika, Tazama Manyoya

Februari ikielekea ukingoni, joto la huku Bagamoyo halisemeki. Kaskazi imeishiwa nguvu, nyasi za kando ya njia ya kwenda mto Ruvu zimekauka mpaka zinavunjika ukizikanyaga, na kila unayekutana naye anauliza mvua lini. Wengi hutazama mbingu. Mimi huanza na ndege. Wingu linaweza kuja, likatanda, likaenda zake bila tone. Ndege aliyekwisha anza kubadilisha manyoya ameshaamua.

Anza na mbayuwayu, wale wenye koo jekundu wanaotoka Ulaya na Asia. Wakifika mwishoni mwa mwaka wengi wamechakaa. Miezi yote wanayokaa kwetu wanabadilisha manyoya ya mbawa kidogo kidogo, moja likidondoka jingine linaota, ili wasipoteze uwezo wa kuruka hata siku moja. Ikifika Machi, watazame asubuhi wakiwa wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Mgongo unang'aa buluu nzito, na zile nyuzi mbili za mkia zimekuwa ndefu, nzima, hazina hata ncha iliyokatika. Huyu ni ndege wa gramu 20 hivi, na mbele yake kuna Sahara yote.

Malishoni nako kuna yule ndege mwembamba anayetembea kati ya miguu ya ng'ombe, mkia ukipanda na kushuka, akidaka wadudu wanaotimuliwa na kwato. Mwezi wa kumi na moja humtazami mara mbili, amefifia tu. Lakini mwezi wa pili madoa ya manjano yanaanza kujitokeza kifuani, na kufika mwisho wa Machi dume amekuwa manjano tupu, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Manjano hayo si ya kwetu. Anayavaa huku, anakwenda kuyatumia kwenye nyasi mbichi za kaskazini, ambako majira ya kuchipua ndiyo kwanza yanafunguka na majike wanasubiriwa.

Kwenye mabwawa ya chumvi ninapenda zaidi kuwatazama vitwitwi wenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwenda chini. Msimu wote ni kijivu juu, nyeupe chini. Kufika Aprili wanaanza kuwa wekundu kama matofali, lakini kwa mafungu, huku pamekolea, huku bado, kila mmoja na madoa yake. Hao wanakwenda kutaga kwenye nyanda za baridi kaskazini kabisa mwa Siberia. Siku moja mzee mmoja anayekusanya chumvi alinikuta nimechuchumaa na darubini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akawatazama kwa muda, kisha akasema, "Hao mwanangu wakishakuwa wekundu hivyo, mimi naanza kufunika chumvi yangu."

Mzee anapatia karibu kila mwaka, ila vitwitwi hawaijui mvua yetu. Wanafuata saa iliyo ndani ya miili yao. Eberhard Gwinner, mtafiti wa Kijerumani, aliwahi kuwaweka ndege wahamaji kwenye vyumba vyenye saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, siku zote za mwaka, wasione jua wala majira. Hata hivyo waliendelea kubadilisha manyoya, na msimu wa safari ulipofika walihangaika usiku kucha wakitaka kuondoka. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kumwambia ndege kwamba Ulaya theluji inayeyuka. Anajua tu.

Ndege wenyeji wana hesabu nyingine. Chukua kweche. Kiangazi dume ni kahawia mwenye michirizi, ukimwona kwenye kundi unasema ni shomoro. Masika yakikaribia unyoya mwekundu unachomoza hapa, mweusi pale, mpaka siku moja unamwona juu ya tete la mpunga amejifutua, mwekundu na mweusi, akiruka polepole kwa kujionyesha. Lakini yeye anahitaji nyasi ndefu za kusukia kiota, na mbegu laini na wadudu wa kulisha makinda. Bila mvua vyote hivyo havipo. Kwa hiyo anasikilizia.

Mwaka mmoja masika yalichelewa sana, na ndipo nilipoona tofauti hii waziwazi. Mbayuwayu waliondoka wakati wao uleule. Keremkerem kutoka kusini walipita juu, wakisikika kabla ya kuonekana, wakielekea kaskazini bila kutua. Huku chini kweche walibaki nusu nusu, doa moja jekundu shingoni, na minazi ikakaa kimya bila kiota kipya. Mvua ilipoangusha mara mbili tatu, wiki haikuisha mnana wakaanza kuchana makuti. Mnana hung'ata ukingo wa jani, anashikilia mdomoni, halafu anaruka nalo. Uzito wake na nguvu ya mbawa ndivyo vinavyopasua uzi mrefu ulionyooka. Asubuhi moja inatosha kuliacha kuti limebaki njiti.

Kuna dalili moja isiyo na manyoya ambayo siwezi kuiacha. Ni chura wa mtini anayekaa ukutani barazani kwangu kiangazi chote, miguu ameikunja chini ya tumbo, mwili umepauka karibu kuwa mweupe kama chokaa. Hivyo ndivyo anavyostahimili jua na kutunza maji yake. Hewa ikishakuwa nzito kwa unyevu, rangi inarudi kahawia, na asubuhi moja unakuta hayupo. Baadaye utaona mapovu meupe yananing'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Jike ndiye aliyeyapiga kwa miguu ya nyuma, huku madume yamemzunguka. Nje yanakauka yanakuwa gamba, ndani mayai yanabaki na unyevu, na baada ya siku chache viluwiluwi vinadondoka majini kimoja kimoja. Ukifukia dimbwi hilo Machi kwa sababu ni kavu, vitadondokea udongo.

Ndiyo maana nina ombi kwa majirani zangu wa huku Pwani, na nalisema kwa moyo wote. Kama una mnazi wenye viota, acha kupunguza makuti mpaka Juni. Kama shamba lako lina kipande cha matete kando ya mfereji, usikichome sasa kwa kuwa kinaonekana kikavu na hakina kazi, kweche wanakitazama. Na shimo lile lililo nyuma ya nyumba, linalojaa maji kila masika, subiri viluwiluwi vitoke miguu ndipo ulifukie.