Hindi la madoa

Juzi pale Raskazone, Tanga, mwanangu alilikataa hindi la kuchoma kwa sababu lina punje tatu za zambarau. "Mama, hili bovu." Si bovu, nikamwambia, kisha nikanyamaza, maana nilishamsikia Bibi.

Uani Ngamiani, likizo ya mwaka wa pili chuoni. Mahindi ya Muheza yamemwagwa mkekani, tunapukuchua, na mie kichwa kimejaa vitabu. Likatokea hindi jeupe la madoadoa ya zambarau, Bibi akalitenga. Nikapata mwanya. Nikamhubiria habari za Barbara McClintock wa Marekani, aliyeona kwenye mahindi kwamba vipande vya DNA, ule uzi wa urithi ulio ndani ya seli, huhama na kujichomeka kwingine. Wenzake walimtilia shaka miaka mingi; Nobel akaipata 1983, ana miaka 81. Na kwamba karibu nusu ya DNA yetu ni vipande vya jinsi hiyo, au mabaki yake.

"Nusu? Na mie pia?"

"Na wewe, Bibi. Ila seli imevinyamazisha. Inavibandika alama ndogo za kikemikali, ziitwazo methili, inaukaza uzi wa DNA mpaka havisomeki. Ikigawanyika, inazinakili alama. Kikiponyoka kimoja kinaweza kuvunja jeni, yaani agizo la mwili lililoandikwa kwenye DNA. Wapo watoto waliozaliwa na damu isiyoganda kwa sababu hiyo."

"Kumbe havijafa, vimelala."

Akalisogeza hindi karibu na macho, akapitisha dole gumba punje kwa punje. Hina ya ukucha ilikuwa imebaki ncha tu. Akasimama kwenye doa lililofunika nusu ya punje, kisha kwenye nukta ndogo kama kichwa cha pini.

"Haya, mke mwenzangu. Mbona hili kubwa, hili dogo?"

Jibu la mtihani nilikuwa nalo: kipande kimejichomeka ndani ya jeni ya rangi, punje ikatoka nyeupe; kikichomoka, rangi inarudi. Ukubwa wa doa sikuwahi kuufikiria.

"Kubwa limeanza mapema," akajijibu. "Limepata muda wa kuzaa."

Ndivyo hasa. Seli iliyorudishiwa rangi mapema huacha ukoo mkubwa wa seli za zambarau. Nilikuja kulikuta kitabuni baada ya likizo. Sikumpigia kumwambia. Ama niliona aibu, ama vocha iliisha. Siku hizi najichagulia vocha.

Hindi lenyewe aliwarushia kuku. Niliwahi punje moja, nikaifunga pindoni mwa kanga, nikaenda nayo Dar. Mwezi wa tatu nilipofungua fundo, fukusi walishamaliza: ganda na unga kidogo.