Kamera ya Kidijitali Yenye Sura ya Zamani: Nilivyoipanga Hadi Ikanitii

Ziweke mezani Fujifilm X-T5 na X-H2. Zote ni za mwaka 2022, zina sensa ya megapikseli 40 na betri ya aina moja, NP-W235. Ukiangalia picha peke yake huwezi kusema ipi imetoka kwenye kamera ipi. Tofauti yao iko mikononi. X-T5 ina magurudumu yenye namba za shata (muda wa kupokea mwanga), ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) na fidia ya mwanga (kuiongezea au kuipunguzia picha mwangaza). X-H2 ina mshikio mnene, skrini ndogo upande wa juu, na gurudumu la modi lenye nafasi za akiba C1 hadi C7, za kuhifadhi mipangilio yako. Mimi nimebaki na ya magurudumu, ila si kwa mipangilio iliyokuja nayo.

Watu husema uzuri wake ni sura. Kwangu faida ni moja: naisoma kamera ikiwa imezimwa. Pete ya lenzi iko f/5.6 (upana wa kitundu kinachopitisha mwanga), shata iko 250, yaani 1/250 ya sekunde, ISO iko A, kamera ijichagulie. Nayajua hayo kabla ya kuinyanyua. Ila namba iliyochorwa hukudanganya kwa urahisi. Chukua Nikon Zf ya 2023, iliyofuata umbo la FM2 ya 1982. Lenzi za Nikon za mfumo wa Z hazina pete yenye namba za f, kwa hiyo kitundu unakisoma kwenye kidirisha kidogo juu ya kamera. Tena ukiiweka kwenye modi ya A, ambapo kamera hujichagulia shata, gurudumu la shata halina kazi: linaweza kuonyesha 1000 huku kamera ikipiga kwa 1/30.

Hata kwenye X-T5 kuna mtego wa aina hiyo. Gurudumu la shata huruka hatua nzima nzima, 125, 250, 500. Theluthi za hatua unazipata kwa gurudumu dogo la nyuma, na ukilisogeza, namba ya juu haibadiliki. Ndiyo maana kabla ya kazi huwa nathibitisha ndani ya kitundu cha kuchungulia kwamba 250 ni 250 kweli.

Gurudumu lililonisumbua zaidi ni la fidia ya mwanga. Halina kufuli, liko pembeni, na likisuguana na begi linasogea. Ukiliacha kwenye 0 likasukumwa, linaangukia theluthi moja ya hatua, kosa dogo ambalo jicho haliligundui mpaka picha zote ziwe zimepigwa. Dawa yake ni kuliweka kwenye alama yake ya C (si zile C1 hadi C7) na kurekebisha fidia kwa gurudumu la mbele. Likisukumwa kutoka C linaangukia 3, na hapo picha inaharibika mbele ya macho yako. Bora kosa kubwa linalojitangaza.

Kwa ISO natumia A, yenye kiwango cha chini 125, cha juu 6400, na shata, nayo ikiwa A, isiyo ya polepole kuliko 1/125. Kwa mtu anayetembea polepole hiyo inatosha. Kwa watoto wanaokimbia, toa shata kwenye A na uiweke 500 mwenyewe.

Mahali ambapo kamera ya kisasa inashinda bila ubishi ni kuhama haraka. Tuseme uko kwenye tripodi: 1/4 ya sekunde, f/8, ISO 125. Ghafla ndege anaruka, unataka 1/2000. Kwenye X-H2 unahama kutoka C1 kwenda C2, basi. Kwenye X-T5 hakuna akiba ya namna hiyo, kwa sababu namba ya shata haikai kwenye kumbukumbu, inakaa kwenye chuma. Akiba itabeba rangi na mengineyo, lakini haiwezi kuzungusha gurudumu. Shata peke yake ni mibofyo tisa. Utaratibu wangu ni ISO kwanza kwenda A, kisha shata, kitundu mwisho. Ukianza na shata ISO ikiwa bado 125, picha za mwanzo zinatoka nyeusi. f/8 inaweza kungoja kidogo tu, maana hata ISO 6400 hairudishi hatua zote tisa.

Halafu uzito. Umbo bapa lilitokana na filamu, iliyokaa upande mmoja na kuvutwa kwenda kujiviringisha upande wa pili. Canon T90 ya 1986 ilikwishaonyesha kwamba mwili unaweza kufinyangwa ufuate kiganja. X-T5 ina gramu 557 pamoja na betri na kadi, X-H2 ina 660. Ukifunga lenzi ya 50-140mm f/2.8, yenye gramu 995, ile nzito ndiyo isiyochosha sana, kwa sababu vidole vina pa kujikunja. Kwenye X-T5 unaning'iniza kilo moja na nusu kwa ncha za vidole.

Mshikio wa kuongeza unaofungwa kwa skrubu ya tripodi unasaidia sana. Kabla ya kuuchukua hakikisha mlango wa betri unafunguka mshikio huo ukiwa bado umefungwa, la sivyo utashika bisibisi kila betri ikiisha. Skrubu hulegea, ikaze kila unapobadilisha betri. Kishikilia kidole gumba kinachoingia mahali pa flashi ni kizuri pia, lakini unapoteza flashi, na vingine hufunika sehemu ya gurudumu la shata. Kwa lenzi ya 35mm f/2, gramu 170, vua vyote hivyo. Ni mzigo wa bure.

Anayepiga michezo au ndege kila siku namshauri achukue yenye mshikio mnene. Kama bado unasita, jaribu hivi: funga lenzi yako nzito kuliko zote, weka jicho kwenye kitundu cha kuchungulia, kisha badilisha ISO bila kutazama. Kwenye X-T5 gurudumu hilo liko kushoto na lina kufuli. Mkono wa kushoto ndio ulioishika lenzi.