Watoto wa mbwa waliogoma kutembea kwenye theluji

Kila tukielekea bustani ya Loring Park, watoto wangu wawili wa mbwa walisimama njiani, wakainua miguu na kulia. Baridi ilichangia, lakini mkosaji mkuu ni chumvi: hapa Minneapolis, Marekani, humwagwa njiani kuyeyusha barafu. Huwasha nyayo, na wakiilamba huwachafua tumbo.

Viatu vya mbwa walivivua kwa meno kabla hatujafika mlangoni! Sasa nawapaka vaselini nyayoni, hasa katikati ya vidole ambako theluji huganda vidonge, kisha nawabeba ndani ya koti hadi kwenye theluji safi. Dakika kumi zinawatosha. Tukirudi, nawaosha miguu kwa maji ya vuguvugu na kuwakausha, hata wakinuna. Chanjo walishamaliza, maana kirusi cha parvo, kinachowaharisha na hata kuwaua watoto wa mbwa, hakifi kwa baridi.