Mimi Nilitumwa

Kama ungepita mtaa wetu wa Magomeni Mapipa Novemba 2009, saa moja asubuhi, ungemkuta kijana wa miaka 17 anatoka uani kwa kunyata, sufuria kichwani, macho juu kama anayesikilizia mvua. Kijana huyo ni mimi. Sufuria ni ya Shangazi, ile ya kuchemshia maharage.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo, na Shangazi hakuwa mtu wa kumwacha mtoto wa mwenzie alale mchana. Alifuga kuku wa kienyeji, na mmoja alikuwa ametoka kuangua vifaranga tisa. Wiki haijaisha wakabaki wanne. Hakuwa mwewe wala paka, walikuwa kunguru. Walishuka wawili wawili: mmoja anamchokoza mama kuku upande huu, akishamvuta amkimbize, mwenzake anabeba kifaranga upande wa pili. Mara ya kwanza nilidhani imetokea tu. Mara ya tatu nikaanza kuwaheshimu.

Kiota kilikuwa juu ya mwembe wetu wa uani. Shangazi akasimama chini, kanga kiunoni, akaninyooshea kidole.

"Panda, baba. Kishushe chote."

Nikapanda. Kiota cha kunguru wa mjini ukikiona kwa karibu utashangaa. Vijiti vilikuwa vichache, kilichobaki ni waya: waya wa umeme, kipande cha seng'enge, henga ya nguo iliyonyooshwa ikapindwa upya, vyote vimesukwa kiasi kwamba mkono wangu haukupata pa kupenya. Ndani kilitandikwa katani na nywele za rasta, sijui za dada gani wa mtaani. Na juu ya hizo rasta, makinda watatu wasio na manyoya ya maana. Tawi lilipotikisika wakapanua midomo wote kwa pamoja, wakijua mama kaleta chakula. Ndani ya midomo mlikuwa mwekundu kama tikiti.

Nikasita.

"Vipi, umelala huko?"

Nikakisukuma. Yaliyotokea chini ya mwembe sitayasimulia, ila kuku walikuwepo na kuku hawachagui.

Wazazi walifika nikiwa bado juu. Hawakunigusa. Mmoja alitua tawi la pili, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemshika, shingo yake ya kijivu imevimba. Akanitazama kwa jicho la kulia, akageuza kichwa, akanitazama kwa la kushoto. Nilidhani ananiogopa. Kumbe nilikuwa napigwa picha.

Kesho yake natumwa sukari dukani. Sijamaliza hatua kumi, kitu kikanipiga kisogoni kama kofi la mwalimu wa zamu. Nageuka, hakuna mtu. Nikapigwa tena. Ndani ya wiki moja mambo yakawa na utaratibu wake: nikifungua geti, kunguru mmoja juu ya nguzo ya umeme anaita mara moja, wa kwenye paa la msikiti anaitika, wa kwenye jalala wanakuja, na kabla sijaiona Barabara ya Morogoro nina wanane juu ya kichwa. Vijana wa kijiweni wakaniita Bwana Harusi, kwa sababu kila nikitoka nina msafara na vigelegele.

Mzee muuza kahawa hakucheka. Alimwambia Shangazi kwa sauti ya chini, ambayo mtaa mzima uliisikia, kwamba ndege haandami mtu bure, mtoto huyo katumiwa, akazinguliwe. Nikafukizwa ubani siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikatoka nanukia kama maulidi, na kunguru wakanipokea vilevile.

Kilichoniuma zaidi ni Shangazi mwenyewe. Aliyetoa amri ni yeye. Aliyesimama chini akishangilia ni yeye. Na kila asubuhi alikuwa anaanika nguo chini ya mwembe uleule, anaimba, hakuna kunguru aliyemtupia hata jicho. Siku moja pale kituoni uzalendo ukanishinda, nikawapigia kelele: "Mimi nilitumwa!" Mama mmoja aliyekuwa anasubiri daladala akamvuta mtoto wake karibu.

Binamu yangu ndiye aliyeanza kutumia akili. Alikuwa kidato cha pili, mbishi kwelikweli, hata jua likichomoza anataka ushahidi. Akasema ni fulana. Siku ya mwembe nilivaa fulana ya njano ya Yanga, na nyumba ile yote ilikuwa Simba, kwa hiyo nadharia yake ilipata wafuasi haraka. Akaivaa yeye, akaenda hadi barabarani akarudi. Kimya. Mimi nikavaa shati lake la shule, nikafuata njia ileile: kofi, kofi, kofi. Nikavaa kofia ya kapelo: kofi. Sufuria ilinikinga na maumivu tu, kujulikana nilijulikana.

Mwishoni akaenda kijiweni akaazima helmeti ya bodaboda, yenye kioo cheusi mbele. Nikaivaa, kioo nikakishusha, nikatoka na moyo unadunda. Yule wa nguzoni akainama, akanichungulia, akarudi kuchokonoa ubawa wake. Nikapita msikitini. Nikapita jalalani. Nilitembea kama waziri. Nilipofika kituoni, kwa jasho lile la Novemba, nikafungua kioo nivute pumzi. Pumzi ya pili haijaingia nikasikia juu yangu: "Kraa!"

Tukajua basi. Wanaijua sura.

Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba wakati sisi tunahangaika na helmeti ya kuazima, profesa mmoja huko Seattle, Marekani, alikuwa kwenye shughuli hiyohiyo tangu 2006. Anaitwa John Marzluff, wa Chuo Kikuu cha Washington. Alivaa kinyago cha mtu wa kale wa mapangoni, akawanasa kunguru saba pale chuoni, akawavisha pete miguuni, akawaachia. Baada ya hapo kila aliyepita na kinyago kile, awe nani, alizomewa. Ili kulinganisha walitumia pia kinyago cha Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa nchi hiyo, na huyo akawa anapita salama. Nilipomsimulia binamu, ambaye siku hizi ana watoto wawili na ubishi wake haujapungua, hapo ndipo alipocheka hadi akakaa chini. "Cheney salama, wewe kofi!"

Ila sehemu iliyoninyamazisha ilikuwa nyingine. Siku moja Marzluff alipita na kinyago, kati ya kunguru 53 aliokutana nao, 47 wakamzomea. Alinasa saba tu! Wengine walijifunza kwa kuwaona wenzao wakipiga kelele, na makinda walifundishwa na wazazi. Chuki ile ilichukua takriban miaka 17 hadi kuzimika, wakati kunguru aishiye porini ni nadra kufikisha umri huo. Yaani waliokuja kumzomea mwishoni walirithi kesi.

Mtu atasema kunguru wa Seattle si wetu, na ni kweli. Wa kule ni jamii nyingine, weusi tii. Hawa wetu wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wale takataka, kisha wakavuka wenyewe kuja huku bara na kujipangia kazi nyingine. Aliyewaleta ndiye angepanda ule mwembe. Lakini ukoo ni mmoja, na kichwa kinaelekea kuwa kimoja. Ubongo wa kunguru ungeweza kuushika kwa vidole viwili, ila watafiti waliohesabu chembe za neva mwaka 2016 walikuta za jamii ya kunguru zimeshindiliwa kwa wingi hadi kuzidi zile za nyani mwenye ubongo wa uzito huohuo. Wahenga walisema kunguru hafugiki. Sidhani kama waliwahi kuulizwa ni nani hasa anayemsoma mwenzake.

Matokeo yalitoka, nikachaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoani. Nikaondoka Dar na kovu dogo nyuma ya kichwa, ambalo wenzangu bwenini niliwaambia ni la mpira.

Nilirudi likizo Juni 2010. Nikashuka Mapipa jioni, tranka langu mkononi. Mwembe ulikuwepo. Shangazi alikuwa mlangoni, nikampa shikamoo nikiwa bado mbali, akaitikia marahaba huku anapunga mkono, na nyuma yake kuku wanadonoa kwa amani. Hewa ilikuwa tulivu. Nikajiambia yamekwisha, ndege gani anakumbuka miezi saba?

Kunguru mmoja akashuka kutoka kwenye paa, akatua juu ya geti letu, karibu kama yule wa siku ile. Mwembamba, manyoya yake bado hayajakolea ule weusi wa kung'aa. Akanitazama kwa jicho la kulia. Akageuza kichwa.

Akapanua mdomo, na ndani yake mlikuwa mwekundu kama tikiti.

Nikapandisha tranka kichwani.