Pepa walikuwa nazo, swali ndilo lililowashinda

Nina duka la stationari Mbagala: kompyuta moja, printa moja na mashine ya kopi iliyozeeka kuliko binti yangu. Ikifika Agosti sihitaji kalenda. Watoto wa kidato cha pili wanaanza kumiminika na sarafu zao mkononi: "Shikamoo mama, naomba pepa za Biology za miaka mitano." Natoa, nabana pini, wanaondoka. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nawauzia ufaulu.

Mwaka 2022 ikawa zamu ya binti yangu mwenyewe. Huyo pepa alikuwa nazo kuliko mtoto yeyote wa Temeke, maana analala chumba kimoja na maboksi ya karatasi. Mwisho wa Agosti akaniletea matokeo ya moku, ule mtihani wa majaribio, ya Biology: 18 kwa 100. Chini ya 30 ni F, na anayefeli kidato cha pili anarudia darasa. Mtihani huo Baraza la Mitihani wanauita upimaji wa kitaifa, jina la upole kabisa, lakini ukimwona mtoto anayebaki Form Two wenzake wakivuka, hutaona upole wowote.

Niliyomwambia jioni ile sitayaandika hapa. Kesho yake, hasira zimepoa, tukawa jikoni, yeye anakata vitunguu, mimi nimeshika ile karatasi yake. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kama mtu anayepiga soga tu: hivi moyo umeumbwaje hata ukaweza kufanya kazi yake? Hakuinua hata kichwa. Una vyumba vinne, akasema, una vali za kuzuia damu isirudi nyuma, na upande wa kushoto ukuta wake ni mnene kwa sababu ndio unaosukuma damu mwili mzima. Akaendelea na vitunguu vyake.

Nikamgeuzia karatasi. Swali ni lilelile, kwa Kiingereza, na chini yake ameandika mistari miwili inayosema moyo huchukuliwa na mtu mwingine. Kumbe neno "adapted" alilisoma "adopted", neno analolijua kutoka kwenye muvi za Kinaijeria. "Si ni kulea mtoto asiye wako, mama?"

Nikakaa chini. Huyu mtoto kasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili. Akapanda sekondari, akapewa wiki chache za kuzoeshwa lugha, halafu kila somo isipokuwa Kiswahili likageuka Kiingereza. Mimi nikawa namwongezea pepa, kama mtu anayemwongezea maji mgonjwa ambaye koo ndilo lililoziba.

Nilianza na watoto watatu wa jirani pamoja na binti yangu, mpaka katikati ya Septemba wakawa saba. Tulikutana nyuma ya duka kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza linapoingia, siku nne kwa wiki. Mimi si mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu ni cha kujazia fomu ya mkopo.

Na nilianza vibaya. Nilinunua kitabu kinene cha maswali na majibu, nikakitoa kopi, nikawaambia wameze. Wakameza kweli. Wiki ya pili nikawapa swali la namna ya kupima kama jani lina wanga. Kijana mmoja, ambaye kwa maneno yake mengi tulimbatiza Mheshimiwa, akajaza ukurasa mzima kuhusu usanisinuru, kwa mwandiko mzuri, neno kwa neno kama kitabuni. Ukurasa ule ulistahili sifuri. Aliona neno "leaf" na neno "starch", akamwaga alichokuwa nacho. Kiswahili chetu kina utani wake hapa: kukariri majibu na kukariri darasa ni neno moja.

Kitabu nikakirudisha kabatini, tukalipika hilo jani. Nilichuma tembele nyuma ya nyumba mchana, likiwa limekunywa jua la kutosha, nikanunua spiriti na ayodini duka la dawa. Jani tulilichemsha kwanza kwenye maji kama dakika moja. Kisha nikaepua sufuria, nikaipeleka mbali kabisa na jiko, ndani ya yale maji ya moto nikasimamisha glasi ya spiriti yenye jani. Spiriti hushika moto upesi, haiwekwi jikoni, lakini alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, kwa hiyo maji yaliyotoka jikoni yanaitosha. Ile rangi ya kijani ikahamia kwenye spiriti, jani likabaki limepauka kama karatasi ya maandazi. Tukalisuuza, tukadondoshea ayodini, likageuka bluu mpaka weusi. Mheshimiwa akasema, "Kumbe ni hivi tu!" Ndiyo, ni hivi tu, mwanangu. Nikawaambia kila mmoja asimulie hatua kwa Kiswahili, halafu ndipo tukazitafuta sentensi za Kiingereza, fupifupi, moja kwa kila hatua.

Utaratibu huo ndio tulioushika. Kwa wiki mbili nilipiga marufuku kujibu. Mtoto anasoma swali, anafunika karatasi, anasema kwa Kiswahili wanataka nini, wanataka vingapi, na kwa urefu gani. Basi. Ukutani nikabandika maneno yanayoanzisha maswali, maana hayazidi kumi na kitu na yanajirudia kila mwaka. "State", taja, sentensi moja inatosha, usihubiri. "Explain", eleza na utoe sababu. "Differentiate" ilitutesa kuliko yote, kwa kuwa tofauti ina pande mbili: huwezi kusema ateri ina ukuta mnene ukanyamaza, lazima useme na wa vena ukoje. Wote saba walikuwa wakiandika upande mmoja tu. Nusu ya alama wanaiacha mezani kila mara, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Hapo katikati ndipo nilipogundua kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kwamba sikukiona mapema. Naingia tovuti ya Baraza la Mitihani kila mwaka kuchukua pepa, na sikuwahi kuangalia pembeni. Humohumo kuna taarifa za uchambuzi wa majibu, somo kwa somo, bure. Wanapita swali moja moja, wanaeleza wanafunzi walikosea wapi na kwa nini, na wanaweka picha za majibu yenyewe, mwandiko wa mtoto halisi, zuri na baya. Mara nyingi sababu inayotajwa ni ileile ya jikoni kwangu: hakuelewa swali linataka nini, au Kiingereza kilimwangusha.

Nilizichapa za miaka mitatu, nikawagawia kalamu nyekundu. Wasahihishe wao. Sijaona watoto wakifurahi vile kwa kazi ya shule. Walimcheka mtu aliyechora figo mahali pa moyo, kisha wakanyamaza kidogo, kila mmoja akikumbuka ya kwake. Kabla ya kusoma maelezo ya watahini walibishana nani apate ngapi, na katika ubishi huo ndimo walimojifunza kwamba msahihishaji hatafuti maneno mengi, anatafuta hoja. Naziona taarifa hizi zina faida kuliko rundo la pepa, na hilo nalisema mimi ninayekula kwa pepa.

Hisabati sikuithubutu. Stendi ya bodaboda mbele ya duka kuna kijana aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, anasubiri maisha yafunguke. Tukakubaliana: chakula cha Jumamosi na kopi za wasifu wake bure. Alikuja na kanuni mbili. Pepa mwaka ule ilikuwa na maswali kumi, kila moja alama 10, muda saa mbili na nusu, maana yake dakika 15 kwa swali. Ikifika ya 15 unaliacha, hata kama jibu unaliona linakuja. Ya pili, onyesha njia, kwa sababu njia ina alama hata jibu likikosewa. Halafu akawanyang'anya simu. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye chumba cha upimaji, na watoto wetu saba kwa nane wanaiuliza simu. Kwa hiyo watu wazima wa miaka kumi na minne wakarudi kuimba jedwali la kuzidisha, wateja wangu wakisikiliza.

Masomo mengine tuliyapitia juu juu. Historia na Uraia waliyamudu wenyewe mara walipojifunza kusoma swali.

Jumamosi tatu za mwisho tulifanya mazoezi kamili. Saa ya ukutani, siyo ya simu. Wanaandika kwenye nafasi zilizoachwa ndani ya karatasi ya maswali, kama inavyokuwa siku yenyewe, na namba ya upimaji kwenye kila ukurasa. Mara ya kwanza wanne walisahau kurasa za katikati. Jirani alipiga singeli asubuhi nzima na nilikataa kwenda kumwomba apunguze. Binti yangu hakunisemesha mpaka jioni.

Matokeo yalipotoka Januari, duka lilijaa kama kuna msiba. Baraza huweka matokeo shule kwa shule, namba na alama, na mimi ndiye mwenye kompyuta. Binti yangu Biology C, Hisabati D, ambayo kwa ukoo wetu ni sherehe. Watano wengine walivuka. Yule wa bodaboda alipiga honi hadi polisi jamii akaja kuuliza.

Mheshimiwa hakuvuka. Oktoba nzima alikuwa akija siku moja kwa wiki, siku nyingine yuko sokoni na baba yake, na mimi nilijua nikajidanganya kwamba mdomo wake utambeba. Niliogopa hatakanyaga tena dukani.

Alikuja. Taarifa za uchambuzi za mwaka ule zilikuwa zimetoka, akaomba nimfungulie ya Biology. Nikadhani anataka kuchapa, nikamuuliza kurasa ngapi. Hakutaka kuchapa. Alivuta kigoda karibu na kioo, akawa anashusha ukurasa polepole, akisimama kwenye kila picha ya jibu baya, anasogeza uso, anaendelea.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Mwandiko wangu, mama."

Hakuuona. Sikuweza kujua usoni kwake kama amefarijika au ameudhika. Akarudi juu, kwenye swali la kwanza, akachukua kalamu nyekundu kwenye kopo langu.

"Huyu," akasema, "ameulizwa mbili, ametaja tano. Mimi ningempa alama zake, lakini ningemwandikia pembeni."